Somo la Dakika Sita

Mwizi aliingia tena saa nne kamili asubuhi, akakaa dakika sita, akatoka bila kuiba hata herufi moja.

Kufuli aliikodolea macho skrini. Ofisi nzima ilimwita hivyo kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuulinda mtandao wa kampuni, na mtandao wenyewe haukumwamini binadamu yeyote. Ukiingia ukiwa nyumbani, jithibitishe. Ukienda msalani ukarudi, jithibitishe upya. Hata Bosi aliulizwa yeye ni nani, akanuna kama mtoto aliyenyimwa titi.

Mwizi huyu alifaulu kila kitu. Kompyuta yake ilitambulika. Neno la siri lilikuwa sahihi. Simu ya kuthibitisha ilithibitisha. Kasoro ilikuwa moja tu: mwenye akaunti alizikwa miezi miwili iliyopita.

"Akaunti ya marehemu bado iko wazi?" Bosi aliuliza, kisha akashusha sauti. "Najua alikuwa dada yako. Lakini kweli, Kufuli, wewe?"

"Kila nikitaka kuifunga, mkono unakataa."

"Na kompyuta yake?"

"Ilipotea msibani. Nyumba ilijaa watu."

"Huyo mtu yuko wapi?"

"Anatumia intaneti ya simu. Inaonyesha tu yumo mjini humuhumu."

"Na anafungua nini?"

Kitu kilekile kila siku: somo la video ambalo dada alirekodi kuwafundisha wafanyakazi wapya jinsi mtandao unavyolindwa. Kufuli hakuwa amelitazama tangu mazishi. Sauti ile asingeiweza.

"Anasomea kutuibia!" Bosi aling'aka. "Funga akaunti. Futa somo na nakala zake zote, isibaki hata moja."

Kufuli akafunga. Akafuta. Mashine, kwa adabu zake, ikamuuliza mara mbili kama ana hakika. Mara zote mbili akajibu ndiyo, machozi na makamasi yakishindana kufika kwenye kibodi.

"Pole, ndugu yangu," Bosi alisema. "Umefanya kazi ya kiume. Nenda nyumbani."

Njiani alijipa moyo. Angalau hakuna mhuni atakayelichezea tena jina la dada yake.

Akapitia kwa Mama, akabisha hodi. Kwa kawaida Mama angeuliza kutoka ndani, "Neno la siri?" Utani huo aliuanzisha dada, na Mama hakuwa ameuacha hata wakati wa matanga. Leo hakuuliza.

Alimkuta kitandani, miwani puani, simu ya marehemu ubavuni, na kompyuta ya marehemu mapajani.

"Afadhali umekuja, mwanangu," Mama alisema. "Wewe si ndiye fundi wa haya mambo? Hebu nitazamie. Neno la siri nimeandika vilevile alivyonifundisha mwenyewe. Kila siku saa nne dada yako anakuja, tunakaa naye. Leo alikuja, nikataka nimwone tena; nimebonyeza mpaka kidole kinaniuma, hatokei."