Samaki wa Mpira wa Mzee Isacko

Samaki wa mpira alipaa juu ya mto Ewaso Nyiro, akapinduka hewani, akaanguka majini kwa kishindo. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakiosha pikipiki zao ukingoni wakacheka mpaka mmoja akaangusha ndoo.

"Mzee, huyo samaki yako ni mkubwa kuliko wale wa mtoni!"

Mzee Isacko hakugeuka. Alizungusha uzi taratibu, bila pupa, mpaka samaki wake akafika nchi kavu. Akamkung'uta maji, akamrusha tena.

Hapo Merti kila mtu alijua habari zake. Ukame ulikuwa umekomba mbuzi wake wote, na alipokufa yule wa mwisho, mzee alijilaza kwenye mkeka akaipa dunia mgongo. Hakuwa mgonjwa. Hakulia. Alikataa tu kuamka, kwa kuwa, alisema, huko nje hakuna anayemngoja. Sadiya mkewe alianza kuogopa kwamba siku moja angemwita kwa chai asiitike. Ndipo akaenda kwa Lomuria, fundi wa kuziba pancha, Mturkana aliyezaliwa kando ya ziwa na ambaye hawezi kumaliza kikombe bila kutaja samaki.

"Mtoe nje," Sadiya alimwambia. "Mfundishe kitu, kitu yoyote. Lakini akishika hiyo samaki, utakula wewe. Kwa sufuria yangu haingii."

Lomuria alikuja na fimbo ya kuvulia na samaki wa mpira mwenye urefu wa mkono kuanzia kiwiko, mkia wake ukitikisika kila akivutwa, ndoano mbili zikining'inia tumboni. Alitoa somo lake pale pale kando ya mkeka.

"Mzee, chambo kidogo inaleta samaki kidogo, na inaleta leo. Hii kubwa inaweza kaa hata mwezi bila kitu. Watu wengi wanakufa moyo, wanarudia ile ndogo. Wewe usirudie. Amini huyu. Kila ukimtupa, jua tu mambo iko sawa."

Isacko aliinuka akaketi. Alimpokea yule samaki, akampapasa mgongo, akampima uzito kwa kiganja, akamfungua mdomo kutafuta meno.

"Ni wangu?"

"Ni wako."

Asubuhi iliyofuata Sadiya alimkuta mumewe ameshavaa viatu. Alikuwa amechanja alama ndogo mkiani mwa samaki kwa kisu, alama ya ukoo wao. Lomuria aliisifu sana akili hiyo, maana Merti vitu vina miguu.

Kusema kweli, mwanafunzi wa namna ile hajapata kuonekana. Alitoka asubuhi, akarudi kabla ya magharibi. Alimtupa samaki wake mahali penye majani na maji yaliyotulia, akakwepa mawe, na palipojulikana kuwa na mamba hakusogea hata kwa dawa. Kuzungusha uzi kulimtoa jasho Lomuria mwenyewe utotoni, lakini mzee alikujua tangu siku ya kwanza: polepole, akisimama kidogo, akiendelea.

"Huyu amezaliwa mvuvi," Lomuria aliwatangazia wateja wa pancha. Wateja waliuliza ameshika wangapi. Lomuria akarudi kwenye gurudumu lake.

Kila jioni Sadiya alimpokea mumewe mlangoni.

"Vipi leo?"

"Sijapoteza."

"Alhamdulillahi," Sadiya alisema, na kwa moyo wote. Mzee alikuwa ameanza kula tena, hata kuomba kuongezewa. Kama mto ungetaka kubaki bila samaki mpaka kiama, yeye hakuwa na neno.

Wa kwanza kukata tamaa alikuwa mwalimu. Subira huvuta heri, wanasema, lakini hii ilikuwa imevuta magugu tu. Lomuria alihofu kwamba mzee naye angechoka, arudi kwenye mkeka, na lawama zote zimwangukie yeye. Siku moja akatoa mfukoni ndoano ndogo yenye mnyoo.

"Mzee, tujaribu hii kidogo tu. Upate moyo."

Isacko alimtazama kwa huruma.

"Lomuria, si wewe uliniambia nimwamini? Mimi moyo niko nayo. Tangu nianze, hakuna kitu imeharibika."

Lomuria aliona haya. Alimtupia kuku mnyoo ule, akaahidi kutotia shaka tena.

Alhamisi iliyofuata, baada ya mvua kunyesha huko juu, uzi ulikaza ghafla. Fimbo ikapinda.

"Ndiyo huyo!" Lomuria alipiga kelele. "Vuta, mzee! Vuta!"

Isacko aligeuka rangi. Akavuta kwa nguvu zake zote, akirudi kinyumenyume, akifoka kwa Kiborana maneno ambayo hayafai kuandikwa. Kambare akaburutwa kwenye tope, mkubwa kiasi kwamba vijana wa bodaboda waliacha pikipiki zao na povu. Mzee akamrukia, akampiga rungu la kichwa, akampanua mdomo kwa mikono miwili.

Watu wakapiga makofi. Lomuria alilia kwa furaha bila kujificha. Mmoja wa wale vijana akatoa simu.

"Mzee, muinue tupige picha!"

Isacko hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti, akimtoa samaki wa mpira kooni mwa kambare. Akamwosha. Akamkagua tumbo, akamkagua mkia, akagusa alama za meno ubavuni. Kisha akafungua kilemba chake, akamfunika vizuri, akamkumbatia kifuani.

"Kesho namhamisha huyu," alimwambia Lomuria. "Hii malisho iko na fisi."