Nakshi za Ahiabor

Kitambaa kilikuwa bado kwenye kitanda cha kufumia, na wazungu wawili walishaanza kukigombania kama wake wenza.

"Nimetangulia mimi," alisema Bwana Lohse, wakala wa Wajerumani.

"Umetangulia, lakini mkono wako mzito," alimjibu Bwana Pargeter, wakala wa Waingereza, akapandisha bei.

Ahiabor aliinama asionekane anacheka. Nani pale Keta aliwahi kuona makubwa haya? Wazungu kutoana jasho uani kwa mfumaji! Kila nakshi mpya waliitaka, kitambaa kimoja tu, mradi mwenzake asikipate.

"Kimoja kimoja mtakifanyia nini?"

"Cha kuwaonyesha wakubwa nyumbani," alisema Pargeter. "Wakipenda, meli itakuja. Hebu niambie, wanawake wa hapa wanapenda rangi gani?"

Ahiabor alivimba kichwa. Kumbe jicho la mwanamke wa Keta linaaminika hadi Ulaya! Akamweleza yote.

Mdogo wake, Gameli, hakuona cha kufurahia. Vitanda viwili vya kufumia pale uani vilishabaki na buibui, wenyewe wamekwenda kubeba kakao. Naye mzigo wake ulikuwa tayari.

"Kaka, kazi hii imekufa. Tuizike tu."

"Imekufa wapi, na wazungu wanaipigania? Vita vya panzi, mdogo wangu, furaha ya kunguru. Ukiondoka wewe, kitanda cha baba atakikalia nani? Subiri meli."

Gameli akasubiri. Masikini, alimpenda sana kaka yake. Waliuza mbuzi wote wakanunua nyuzi, wakafuma mpaka vidole vikachubuka. Nguo zikajaa chumbani hadi mke wa Ahiabor akahamia ukumbini.

"Nguo zina mume," alisema, "mimi sina."

Siku meli ilipotia nanga, Ahiabor alijitwisha robota la kwanza mwenyewe, mbio hadi pwani, Gameli nyuma yake na la pili. Pargeter alikuwa pale, uso unamng'aa.

"Tumemshinda Mjerumani!" alipiga kelele, akamshika mkono mbele za watu. "Wakubwa wamependa nakshi zako zote!"

Ahiabor alilia kwa furaha, wala hakuona haya. Akamgeukia Gameli: haya, ulisemaje?

Mashua zikaanza kurudi kutoka melini, zimeelemewa na mizigo. Wapagazi wakashusha marobota mchangani, wakakata kamba, na wanawake wa soko wakayavamia. Muuza samaki mmoja akamjia Ahiabor, keshajifunga nguo mpya kiunoni, kitambaa chepesi cha mashine.

"We Ahiabor, miaka yote hii ulikuwa unatukamua! Si nakshi zako hizi hizi? Tena bei ya dagaa!"

Ahiabor akashika pindo la nguo ya yule mwanamke. Hata kosa lake, uzi uliomponyoka akifuma wiki aliyomzika mama yake, wazungu walikuwa wamelipiga chapa, kwenye kila nguo.