Ngiri na Kipa wa Matope

Zamani hizo, wanyama wakicheza mpira kwa kibuyu, hapakuwa na mzazi mwenye mdomo kama Ngiri. Timu ya watoto ikisafiri, yeye ndiye aliyetangulia, na makelele yake yaliangusha nazi vijiji saba.

"Mwanangu Kishindo akipiga shuti, mto unabadili njia!" alijigamba.

Siku moja walicheza ugenini, mvua ikimwagika kama mbingu imetoboka. Kipa wao, mtoto wa Digidigi, akaumia mguu. Mwenzake mmoja akajitolea kukaa golini, na punde akawa tope tupu, kwato hadi masikio. Kibuyu kikampita tobo, katikati ya miguu, goli!

Ngiri akamtafuta Kishindo kule mbele, asimwone, hasira zikampanda.

"We kipa! Miguu ya uji! Mtoto wa nani huyu? Mzazi wake haoni haya kumleta?"

Mama Digidigi akainamisha macho. Kobe, mwalimu wa timu, akamsogelea kipa.

"Kijana, yule mzee anayekufokea unamjua?"

Kipa akajifuta tope usoni. Alikuwa Kishindo.

"Simjui, mwalimu. Baba yangu angenitambua."

Ngiri alisikia. Akapiga magoti ya mbele, akajifanya anakula majani. Mechi ikaisha, watoto wakaondoka wakiimba, yeye bado anatafuna. Mpaka leo ukimkuta malishoni, Ngiri anakula amepiga magoti, na uso hauinui.