Baiskeli ya Milioni Tisini

Siku hizi kitu kisipotumika siku arobaini, sheria inataka kitangazwe kwenye soko la simu. Bei unapanga mwenyewe. Ila akitokea wa kuilipa huwezi kukataa, na mlango wa nyumba yako unamfungukia wenyewe.

Mimi nimekaa eda. Ningetokaje nje kuendesha baiskeli ya marehemu mume wangu, Shaibu? Siku arobaini zikapita. Nikaitangaza: baiskeli ya zamani ya marehemu, breki hakuna, tandiko limechanika, milioni tisini. Nilijua hakuna mwendawazimu wa kuilipa.

Mtaa mzima ulicheka. Jirani yangu Mwanakombo akanipigia kelele kutoka upande wa pili wa ukuta, "Shoga, inapaa hiyo? Au inakwenda Maka na kurudi?"

"Cheka tu," nikamjibu. "Madhali haiondoki."

Leo baada ya sala ya adhuhuri simu ikalia. Imelipwa, milioni tisini kamili. Mnunuzi hakuuliza breki wala tairi. Ameandika: "Mama, pole na msiba. Vishikio usivifute, tunahitaji jasho la mikono yake. Sisi tunawatengeneza upya marehemu, wafanye kazi viwandani. Tuko njiani."

Nimeshika kitambaa na ndoo ya maji ya sabuni. Nikifuta, hakitabaki kitu cha mikono ya Shaibu humu duniani. Nasoma Ayatul Kursi, kitambaa kiko juu ya kishikio, na komeo la mlango limeanza kusogea lenyewe.