Jeli Nyekundu

“Ya rangi gani?” Nicanor aliuliza kutoka ndani, kioo cha dirisha kimefunguliwa upana wa sufuria.

Eufrasia, barakoa usoni, alikuwa amekwisha kuisukuma sufuria ya mchuzi wa kuku juu ya ubao wa dirisha na kurudi nyuma hatua kadhaa. Alikuwa amemwambia tu kwamba mkewe Obdulia, huko hospitalini, leo amekula jeli; swali hilo hakulitarajia.

“Nyekundu,” akasema.

“Afadhali. Ingekuwa ya kijani, Obdulia angemrushia nesi.” Nicanor akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamlaza chali.

Eufrasia alingoja kitulie. Akamwomba avae kidoleni kile kidude cha kupimia pumzi, amsomee namba. Namba ilikuwa mbaya, ila si mbaya kama ya jana. Akamhimiza anywe mchuzi ungali moto. Nicanor akashukuru, akaagiza mkewe aambiwe kwamba nyanya zake zinamwagiliwa maji kila asubuhi. Nyanya zilikuwa zimekauka pale pale uani. Nicanor mwenyewe hakuwa na nguvu ya kuufikia hata mlango.

Obdulia alikuwa amefariki tangu Jumapili.

Katika bonde lile la California watu walichuma zabibu hata miji mingine ilipofungwa, na korona iliingia nyumba za wachumaji moja baada ya nyingine. Hospitali ilifunga milango kwa ndugu wa wagonjwa. Ilibaki simu tu, nayo simu ilijibu kwa Kiingereza. Basi kina mama wa parokia wakajigawa: hawa wakapika, hawa wakabeba. Yadira, mpwa wa Eufrasia, ambaye Kiingereza kilimtoka kama maji, alipiga simu hospitali kila siku na kuwapa wabebaji habari za kupeleka madirishani.

Habari za walio hai zilipelekwa kama zilivyo. Fulani homa imeshuka. Fulani kalazwa kifudifudi. Fulani anadai meno yake ya bandia. Lakini kwao Michoacán, jimbo walikotoka ng'ambo ya mpaka, walilelewa hivi: mgonjwa haambiwi msiba mpaka asimame kwa miguu yake. Na hapo ndipo walipojikwaa mwanzoni. Mzee mmoja aliyefiwa bila kujua aliambiwa na mama huyu kwamba mkewe amekula supu, na mama yule kwamba amelala tangu jana. Mzee akaelewa mwenyewe, akageukia ukuta, hakula tena.

Ndipo Eufrasia alipowachagulia neno moja: leo amekula jeli. Supu huulizwa imepikwa na nani, jeli ya hospitali haina maswali. Neno hilo likawa la marehemu peke yao. Kwa aliye hai hawakulitumia kamwe, hata kama kweli kala jeli.

Kila alipolitamka, Eufrasia alisimama langoni akafanya ishara ya msalaba. “Bwana, uwongo huu ni wangu,” alisali. “Usiwadai wenzangu.” Alijua imeandikwa kwamba kweli itatuweka huru. Lakini alikuwa amemwona yule mzee akigeukia ukuta, na tangu siku hiyo hakujua tena aombe nini. Aliomba tu.

Siku hiyo alizunguka bila simu. Alikuwa ameiacha jikoni kanisani ikichajiwa, na kusema kweli hakuisahau. Mumewe Silvestre naye alikuwa hospitali ile ile. Jana Yadira alimwambia kwamba Silvestre amefumbua macho, ameminya mkono wa nesi. Eufrasia alitaka kukaa na habari hiyo siku nzima, isije nyingine ikaisukuma. Isitoshe, mikono iliyobeba sufuria haitetemeki.

Alasiri alirudi kuchukua sufuria yake.

Nicanor alikuwa ameketi. Alikuwa amejilowesha nywele na kuzichana, na sufuria ilikuwa tupu. Alimsomea namba ya kidoleni kabla hajaulizwa, nayo ilikuwa imepanda.

“Komadre, umejificha wapi?” akasema. Alikuwa amemsimamia binti wa Eufrasia ubatizo, na tangu hapo hawakuitana kwa majina. “Yadira kapiga simu hapa, anakutafuta mtaa mzima.”

“Simu iko kanisani, kompadre. Anasemaje?”

“Kwanza hakutaka kusema kitu. Nikamuuliza, kompadre wangu Silvestre anaendeleaje? Akauliza tena uko wapi. Nikambana. Nikamwambia, binti, mimi ni mgonjwa, nimelala hapa kama gunia, unaninyima hata habari za rafiki yangu?” Akajiinua kwenye mto. Siku zote hizo yeye ndiye aliyekuwa akiletewa habari, na leo alikuwa na ya kwake ya kutoa. “Ndipo akaniambia. Leo amekula jeli.”

Upepo ulikuwa ukipita kwenye nyanya kavu. Eufrasia alikuwa ameshika sufuria kwa mikono miwili, na mfuniko ukaanza kugonga ukingoni, taratibu, kama kitu kinachokaribia kuchemka.

“Nikamuuliza ya rangi gani, akakata simu. Vijana wa siku hizi.” Macho ya Nicanor yaling'aa, na pumzi yake ilipanda na kushuka bila kukwama. “Basi sasa wanakula wote wawili, komadre. Unadhani yake ni ya rangi gani?”

Eufrasia aliubana mfuniko kwa kidole gumba mpaka ukanyamaza.

“Nyekundu,” akasema.