Mwanya wa Plagi

Gari kuukuu la Mzee Shomvi liliwaka, likakohoa, likazimika tena. Kwenye kiti cha nyuma Siwema, mke wa mwanawe, aliuma upindo wa kanga. Uchungu wa kuzaa ulikuwa umekaza; ilibidi afikishwe hospitali.

Mwanahawa, binti wa mzee, akafungua boneti. Wiki ile alikuwa amelifungia gari koili mpya, kile kifaa cha kuzipa plagi umeme, yenye moto mkali. Alichomoa plagi moja, akaitazama ncha yake.

"Baba, umezibana mwanya plagi hizi?"

"Nimeziweka kwenye kipimo chake. Nakijua tangu hujazaliwa."

"Hicho ni cha koili ya zamani. Cheche ya sasa inataka mwanya mpana zaidi. Nipe geji niupime."

Mzee aliikumbatia geji kifuani. "Na ukikosea?"

"Baba, nakufa!" Siwema akalia.

Mzee akaiachia. Mwanahawa akapanua mwanya wa kila plagi, akipima bila kuthubutu kuharakisha, huku kilio kikizidi. Akazirudisha, akaketi kwenye usukani, akawasha. Injini ikanguruma mfululizo.

Mzee Shomvi alisimama akikitazama kiti cha dereva, ambacho hakuwahi kumwachia mtu. Kisha akaingia nyuma, akampa Siwema mkono aushike. Gari likaondoka kwa kasi, mlango wa nyuma ungali wazi.