Bwana Harusi wa Kwenye Kompyuta

"Kosa langu," Mishi alikiri, maana hakukuwa na mwingine wa kumsingizia. Alimtengenezea dada yake Riziki mchezo wa kompyuta, zawadi ya harusi. Kumbe bwana harusi wa mle ndani, ukibonyeza kitufe tu, anachomoka kama risasi, anampita bibi harusi na kujibamiza ukutani.

"Mkosi huo!" alisema Riziki, machozi karibu. "Mume wangu akija, hafunguliwi mlango mpaka huyu afike kwangu salama."

"Mwanamume anakwenda kuoa, si kukimbilia choo," shangazi yao akacheka. "Mtulize, Mishi."

Mishi akafuta mstari wa maagizo ya mchezo uliompa kasi yote kwa mpigo, akaandika iongezeke kidogo kidogo, na ipungue akikaribia. Riziki akabonyeza kwa kifundo cha kidole, asiharibu hina. Yule bwana mdogo wa kanzu akanyanyua mguu, akatembea, mwendo ukakolea. Chumba kizima kikainamia kioo cha kompyuta.

Mlango ukagongwa. Hakuna aliyegeuka, bwana mdogo ndiyo kwanza anaanza kupunguza.

"Jamani, bwana harusi ni mimi! Nifungulieni basi!"